Kaunti ya Arthur, Nebraska: Nani Aliamua Idadi ya Watu Wake?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 434 katika Kaunti ya Arthur, magharibi mwa jimbo la Nebraska. Kaunti yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,860, kwa hiyo ardhi ikigawanywa sawasawa kila mkazi anapata zaidi ya kilomita nne za mraba. Katika jimbo hilohilo, Kaunti ya Douglas yenye jiji la Omaha haifiki nusu ya ukubwa huo, lakini sensa ileile ilikuta humo watu 584,526. Na karne moja kabla, mwaka 1920, Arthur ilikuwa na watu 1,412.

Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, 1,412 na 434, ni rahisi kutoa hukumu: kaunti inakufa. Ndivyo zinavyozungumziwa kaunti nyingi za nyanda za nyasi katikati ya Marekani, kuanzia North Dakota mpaka kaskazini mwa Texas, na mara nyingi ni kweli. Kwa Arthur naipinga hukumu hiyo. Kilichoshindwa pale ni sheria ya ardhi iliyowaweka watu mahali pasipoweza kuwalisha. Waliobaki leo wanakaribia idadi ambayo nyasi za pale zinaweza kuibeba. Kaunti ina matatizo, tena mazito, lakini ukianza na hukumu ya kifo huyaoni: nani atagharamia barabara, shule na gari la wagonjwa kwa watu wachache kiasi hicho, na nani ataimudu ardhi wenye nayo wakishaondoka.

Mchanga uliovikwa nyasi

Arthur iko ndani ya Sandhills, eneo la vilima vya mchanga lenye takriban kilomita za mraba 50,000, karibu robo ya jimbo zima. Ni mchanga hasa, uliorundikwa na upepo maelfu ya miaka iliyopita, na baadhi ya vilima vinapanda zaidi ya mita 100. Kinachoufanya usiwe jangwa ni nyasi zilizoushika. Mvua ya mwaka ni kama milimita 450 hadi 500, na haitiririki kwenda mbali: inazama na kuungana na maji ya Ogallala, hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi inayoanzia South Dakota na kufika Texas.

Nyasi hizo hazivumilii kuumizwa. Gari likipita njia moja mara nyingi, au ng'ombe wakikanyaga mno karibu na kinu cha upepo kinachovuta maji, mizizi inakatika, upepo unapata pa kuanzia, na muda si mrefu panakuwa shimo la mchanga mweupe linaloendelea kujipanua. Wafugaji hulidhibiti kwa vitu walivyo navyo. Wanapanga matairi chakavu kwenye mteremko, wanatandaza nyasi kavu juu yake, kisha wanawaleta ng'ombe wale hapohapo ili kwato zishindilie mbegu na mbolea. Shimo moja linaweza kuchukua miaka kufunikwa tena.

Kwa hiyo hapa hakulimwi, kunafugwa, na ufugaji wenyewe una kipimo chake: ng'ombe mmoja na ndama wake huhitaji ekari 15 hadi 20 za malisho kwa mwaka, kutegemea mvua. Msomaji akishike kipimo hicho, maana karibu kila jambo lililoitokea Arthur linarudi kwake.

Sheria iliyopima kwa rula isiyofaa

Wapawnee, Walakota na Wacheyenne walikuwa wakiwinda katika nyanda hizi kwa vizazi. Katika miaka ya 1870 waliondolewa, kwa mikataba ya kulazimishwa, kwa njaa baada ya nyati wa Amerika kuangamizwa, na kwa jeshi. Utupu wa kwanza wa nchi hii, basi, ulitengenezwa na serikali, na kila hesabu ya watu inayoanzia kwa walowezi imeanzia katikati ya hadithi.

Wafugaji wakubwa waliiogopa Sandhills mwanzoni, wakidhani ng'ombe atakayeingia humo atakufa. Baada ya dhoruba ya theluji ya mwaka 1879 kuwasukuma ng'ombe ndani ya vilima, wachungaji waliokwenda kuwatafuta waliwakuta wako hai na wamenona. Kuanzia hapo malisho yalichukuliwa, mengi yakiwa ni ardhi ya umma iliyozungushiwa waya bila ruhusa. Bartlett Richards wa ranchi ya Spade, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wao, alishitakiwa wakati wa Rais Theodore Roosevelt, akahukumiwa, na akafariki mwaka 1911 akiwa bado anatumikia kifungo.

Sheria ya msingi ya ugawaji wa ardhi, ile ya mwaka 1862, ilimpa mlowezi ekari 160. Kwa mashariki ya Nebraska, penye udongo mzito na mvua, kipande hicho kilitosha. Huku magharibi, ekari 160 ni malisho ya ng'ombe wanane hadi kumi. John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyeizunguka nchi kame ya magharibi, aliiandikia serikali ripoti mwaka 1878 na kupendekeza kwamba shamba la malisho liwe na ekari 2,560. Hakusikilizwa. Ilipofika Aprili 1904, Mbunge Moses Kinkaid wa Nebraska alifanikiwa kupitisha sheria iliyohusu kaunti 37 za magharibi na kaskazini mwa jimbo: mwombaji apewe ekari 640, akae miaka mitano, na aiendeleze ardhi kwa thamani ya dola 1.25 kwa kila ekari. Ilisifiwa kuwa ya ukarimu, na kweli ilikuwa mara nne ya sheria ya zamani. Ila ilikuwa robo ya alichosema Powell miaka 26 kabla yake.

Weka kile kipimo juu ya ekari 640: unapata ng'ombe 32, mwaka mzuri labda 42. Familia haikai mahali kwa ndama thelathini wanaouzwa mara moja kwa mwaka.

Kaunti ya Arthur ilikuwa imechorwa kwenye ramani tangu 1887 na kupewa jina la Rais Chester A. Arthur, lakini kwa kukosa watu ilisimamiwa na jirani yake McPherson mpaka 1913. Sheria ya Kinkaid ndiyo iliyoileta kwenye uhai. Sasa hesabu inayonishangaza zaidi katika kisa chote ni hii. Ardhi ya kaunti ni kama ekari 458,000. Gawanya kwa 640, unapata viwanja 715. Weka wastani wa watu wawili tu kwa kiwanja, unapata 1,430. Kilele cha watu katika kaunti hii, mwaka 1920, kilikuwa 1,412. Sidai kwamba kila kiwanja kilichukuliwa na kukaliwa hivyo. Vingine viliombwa na watu waliokusudia tangu mwanzo kuviuza kwa ranchi za jirani. Lakini namba inaonyesha ilikotoka. Ile 1,412 tunayoililia leo ilipikwa Washington, na waliolipia ni watu waliokusanya mavi makavu ya ng'ombe kuwasha jiko kwa sababu kuni hazikuwepo.

Waliokuja hawakuwa wa rangi moja. Kaskazini, katika Kaunti ya Cherry, familia za Wamarekani weusi zilichukua ardhi kwa sheria hiyohiyo kuanzia 1907 na kujenga kijiji cha DeWitty kando ya mto North Loup. Baadhi yao walikuwa wazawa wa watumwa waliokuwa wametorokea Kanada, na walifika huko wakitokea Overton katika Kaunti ya Dawson. Walikuwa na shule, kanisa na posta. Walishindwa na kilekile kilichowashinda jirani zao weupe: kipande kidogo, mchanga, na bei zilizoanguka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kanisa la marobota

Mjini Arthur, ambao ndio mji pekee wa kaunti, limesimama kanisa dogo lililojengwa mwaka 1928 kwa marobota ya mabua. Miti ya kutoa mbao haikuwepo, na udongo ulikuwa na mchanga mwingi mno kukatwa vipande vya kujengea kama walivyofanya walowezi wa mashariki. Mashine ya kufunga marobota ilikuwepo. Basi walowezi waliyapanga kama matofali makubwa, wakayakandika plasta ndani na nje, wakapata ukuta mnene unaozuia baridi kali ya Januari na joto la Julai. Nyuma ya ukumbi wa ibada palikuwa na makazi ya mchungaji, chini ya paa hilohilo. Jengo liko kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, na mafundi wa kujenga kwa marobota duniani kote wanaitazama Sandhills kama chimbuko la ufundi wao.

Hapohapo mjini lipo jengo la kwanza la mahakama na ofisi za kaunti, la mwaka 1914 na 1915, chumba cha mbao ambacho wengi hukitaja kuwa mahakama ndogo kuliko zote zilizowahi kutumiwa na kaunti nchini Marekani. Lilitumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nayaheshimu majengo haya mawili kwa sababu yalijengwa kwa kipimo cha mahali.

Kuporomoka, kisha kutulia

Baada ya 1920 watu walianza kuondoka. Mwaka 1930 walikuwa 1,344; mwaka 1940, baada ya muongo wa ukame na mdororo wa uchumi, 1,045; mwaka 1950, 803; mwaka 1960, 680; mwaka 1970, 606; mwaka 1980, 513. Kila familia iliyoshindwa iliiuzia nyingine, viwanja vikaunganishwa, malori na matrekta yakachukua kazi za vibarua.

Baada ya hapo mstari unabadilika, na wanaotabiri kifo huwa hawafiki mbali kiasi hiki katika jedwali. Mwaka 1990 walikuwa 462. Mwaka 2000, 444. Mwaka 2010 waliongezeka hadi 460. Mwaka 2020, 434. Katika miaka 30 kaunti imepoteza watu 28. Muongo mmoja wa 1930 hadi 1940 peke yake ulichukua 299.

Tena hata hiyo 434 isichukuliwe kama namba ya kuapia. Katika sensa ya 2020 Ofisi ya Sensa ilibadilisha kidogo, kwa makusudi, takwimu za maeneo madogo ili mtu mmoja mmoja asitambulike. Matokeo yake, kijiji cha Monowi katika Kaunti ya Boyd, kinachojulikana kwa kuwa na mkazi mmoja tu, kilitangazwa kuwa na wawili. Kwa Omaha mabadiliko hayo si kitu. Kwa mahali pa watu 434, familia moja ikihama au kurudi inaonekana kwenye asilimia.

Kwa nini idadi imetulia hapo? Rudi kwenye kipimo. Ranchi ya ekari 5,000 inabeba ng'ombe 250 hadi 330, kundi linalokaribia kuilisha familia moja, mara nyingi mmoja wa wanandoa akiwa na kazi nyingine ya mshahara. Gawanya ekari za kaunti kwa 5,000: ranchi 91 au 92. Ongeza wanaohudumia ranchi hizo, yaani walimu, wafanyakazi wa barabara, karani, mwenye duka, na watoto wao, utafika mia nne na kitu bila kutumia nguvu. Kwa maoni yangu, Arthur ilichukua miaka 70 kurekebisha kosa la sheria ya 1904, na marekebisho hayo yaliwaumiza watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye jengo lolote.

Mwaka 1987 Frank na Deborah Popper, wasomi wa New Jersey, walipendekeza sehemu kubwa ya nyanda kavu irudishwe kuwa mbuga ya nyati wa Amerika, kwa hoja kwamba makazi ya walowezi yameshindwa. Walipozunguka kuhutubia walikutana na hasira. Naielewa hasira ile. Pendekezo lao liliona kupungua kwa watu kama ushahidi wa ardhi kuharibika, na katika Sandhills si hivyo: nyasi ziko, maji yako, na ng'ombe wa leo wanakula palepale walipokula nyati. Mbuga waliyoitaka, kwa maana ya nyasi zisizolimwa, tayari ipo na ina wenyewe.

Gharama haziwafuati watu

Msomaji wa Kenya asiifikirie kaunti hii kama zile 47 za kwao zenye gavana na bunge. Ya Nebraska inaongozwa na bodi ndogo ya makamishna, na kazi zake ni za chini kabisa: barabara, sherifu, rekodi za ardhi, kodi, uchaguzi, mahakama. Nebraska ina kaunti 93, na katika kaunti nyingi namba za magari bado zinafuata mpangilio wa mwaka 1922, kaunti yenye magari mengi ikipewa namba 1 na yenye machache 93. Gari la Arthur linaanza na 91.

Kila baada ya muda mtu wa mjini huuliza kwa nini kaunti kama hizi zisiunganishwe. Swali ni la haki. Jibu linaanzia ofisini. Katika kaunti ndogo za Nebraska karani aliyechaguliwa huwa pia mthamini wa ardhi, msajili wa hati, msimamizi wa uchaguzi na karani wa mahakama, kwa mujibu wa sheria, bila kuajiriwa mtu mwingine. Ukimwondoa, umeokoa mshahara mmoja. Umemwachia mfugaji wa kona ya kaskazini safari ya kwenda na kurudi mji wa Ogallala, Kaunti ya Keith, kila anapohitaji muhuri, na kutoka mji wa Arthur pekee ni kama kilomita 60 kwenda. Barabara nazo hazipungui kwa sababu watu wamepungua. Kilomita moja ya njia ya mchanga inahitaji greda ileile, iwe inatumiwa na familia nne au moja. Gharama ya kaunti inapimwa kwa urefu wa njia zaidi ya idadi ya vichwa, na ukiiunganisha na nyingine njia zote zinabaki.

Kinachoweza kuunganishwa wengi wamekwishakiunganisha: mwanasheria wa serikali hutumikia zaidi ya kaunti moja, na maji ya ardhini husimamiwa na wilaya ya maliasili ya Twin Platte, inayozihudumia Arthur, Keith, Lincoln na McPherson pamoja. Wilaya hizo zilianza 1972 na ninaziona kuwa mfano bora: mpaka umechorwa kufuata maji.

Upande wa mapato kuna jambo ambalo sijaliona kwingine Marekani. Nebraska ndilo jimbo pekee ambako kodi ya mirathi inaingia kwenye mfuko wa kaunti. Kwa viwango vilivyoanza 2023, mtoto anayerithi hulipa asilimia 1 ya kinachozidi dola 100,000; mpwa hulipa asilimia 11 ya kinachozidi dola 40,000. Chukulia ranchi ya dola milioni 4. Akiirithi mtoto mmoja, kodi ni dola 39,000. Akiirithi mpwa mmoja, kwa sababu mwenye ranchi hakuwa na watoto, kodi ni dola 435,600. Kwa kaunti ya watu 434 hiyo ya pili inaweza kubadilisha bajeti ya mwaka mzima, na mwaka unaofuata isipatikane hata senti. Kwa mpwa anayetaka kuendelea kufuga, ni lazima auze sehemu ya ardhi au akope. Kaunti inapata fedha za barabara kwa njia inayoweza kumwondoa mtu wa kuitumia barabara hiyo.

Afya nitaitaja kwa ufupi kwa sababu hali yake ni nyepesi kueleza na ngumu kuishi nayo. Hospitali hakuna ndani ya kaunti. Ya karibu iko Ogallala. Zimamoto na gari la wagonjwa katika nchi hii huendeshwa na watu wa kujitolea, wafugaji wanaoacha walichokuwa wakifanya simu inapolia. Wastani wa umri ukipanda, waitikiaji ndio wanaopungua kwanza.

Shule

Kwenye shule ndiko nionapo hatari ya kweli. Kwa miongo mingi watoto wa Sandhills walisoma madarasa ya mwanzo katika shule za chumba kimoja, kila moja ikiwa na wilaya yake ndogo ya elimu. Mwaka 2005 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzilazimisha wilaya hizo ziungane na zile zenye sekondari. Wananchi walikusanya saini, na Novemba 2006 kura ya maoni iliifuta sheria hiyo. Kwa bahati mbaya wilaya zilikuwa zimekwishavunjwa Juni mwaka huohuo. Walishinda kura na shule hazikurudi.

Leo Arthur ina shule moja, kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho. Shule za ukubwa huu hucheza mpira wa Kimarekani wa wachezaji sita badala ya 11, mchezo uliobuniwa Nebraska mwaka 1934 na mwalimu Stephen Epler kwa ajili ya shule zisizo na vijana wa kutosha. Uwanjani, Ijumaa usiku, ndipo watu wa ranchi zilizo mbalimbali hukutana bila kuwepo msiba wala mnada.

Fedha za shule hutegemea sana kodi ya ardhi. Kanuni ya ruzuku ya jimbo, ya tangu 1990, inaihesabu ardhi yenye thamani kama uwezo wa wilaya, hivyo mfugaji mwenye ekari 5,000 anaonekana tajiri hata mwaka aliouza ndama kwa hasara. Wilaya nyingi za namna hii zilikuwa hazipati ruzuku ya kusawazisha kabisa. Mwaka 2023 jimbo lilianza kutoa dola 1,500 kwa kila mwanafunzi, kila mahali. Shule yenye wanafunzi 100 inapata dola 150,000. Ni hatua ya maana, lakini ruzuku ya kichwa inamfaidi mwenye vichwa vingi, ilhali basi la shule la Arthur hulipia mafuta ya kilomita.

Ndama wanakokwenda

Arthur haiuzi nyama, inauza ndama. Wanaondoka vuli kwa malori kwenda kunenepeshwa kwa mahindi, kisha kwenye machinjio makubwa ya miji ya Nebraska na majimbo jirani. Na hapo ndipo kisa kinapowagusa watu wetu. Wafanyakazi wa machinjio hayo, Lexington, Grand Island na Omaha, wamekuwa kwa miaka mingi pamoja na Wasomali, Wakongo na Waafrika wengine wa mashariki na kati, baadhi yao wakizungumza Kiswahili nyumbani. Lexington ni makao makuu ya Kaunti ya Dawson, ileile walikotoka waanzilishi wa DeWitty.

Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kwamba machinjio yake ya Lexington, yenye wafanyakazi wapatao 3,200 katika mji wa watu kama 11,000, yangefungwa Januari 2026. Sababu kubwa ni upungufu wa ng'ombe: mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ya chini kuliko zote tangu 1951, baada ya miaka ya ukame iliyowalazimisha wafugaji kuuza mitamba. Kwa mfugaji wa Sandhills upungufu huo umemaanisha bei nzuri kuliko alizowahi kuziona. Kwa mama wa Kisomali wa Lexington umemaanisha barua ya kuachishwa kazi. Wote wawili wanategemea ng'ombe mmoja, na sioni jukwaa lolote la siasa za jimbo linalowaweka meza moja.

Ardhi itakwenda kwa nani

Chukulia bei ya dola 800 kwa ekari, na ekari 20 kwa ng'ombe. Kijana anayetaka kuanza analipia dola 16,000 za ardhi kwa kila ng'ombe, kabla hajamnunua ng'ombe mwenyewe, na ng'ombe huyo anazaa ndama mmoja kwa mwaka. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 7, riba peke yake ni dola 1,120. Katika miaka ya bei za kawaida ndama hubakiza kidogo sana juu ya hapo, au hatoshi kabisa. Ndiyo maana ardhi inapouzwa, mnunuzi huwa ni mwenye fedha za kwingine. Ted Turner alinunua ranchi kadhaa za Sandhills na kuweka nyati, na shirika la mashamba la Kanisa la Mormoni ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa jimbo. Sina ugomvi na namna wanavyotunza nyasi, wengi wao huzitunza vizuri. Lakini mmiliki asiyeishi pale hana mtoto shuleni wala hapandi gari la zimamoto.

Katika miaka ya 1970 wawekezaji wa nje walileta mitambo ya kumwagilia inayozunguka, wakalima mahindi juu ya mchanga katika sehemu mbalimbali za Sandhills, na mahali pengine waliacha vilima vikipeperuka. Somo hilo lilieleweka. Adui wa sasa ni mkimya zaidi: mti wa jamii ya mtarakwa, uliopandwa kukinga upepo na sasa unaotawanyika kwa sababu moto wa asili unazimwa haraka. Unakula malisho kidogo kidogo, na kuudhibiti kunahitaji watu wanaoishi pale wa kuukata na kuchoma nyasi kwa mpangilio, jirani akimsaidia jirani.

Mambo matatu ningependa Bunge la jimbo, lililoko mji mkuu wa Lincoln, liyafanye, na yote yamo ndani ya uwezo wake. Mrithi wa ukoo anayeendelea kufuga kwenye ardhi hiyo alipe kiwango cha mtoto, hata akiwa mpwa. Jimbo liifidie kaunti pengo hilo kwa ruzuku ya barabara inayohesabu kilomita, ili bajeti isingojee kifo. Na ruzuku ya shule iongezewe kipengele cha umbali. Hoja ya kufuta kodi ya mirathi moja kwa moja hurudi bungeni mara kwa mara; ikipita bila fidia, kaunti zitakazoumia kwanza ni zenye namba za magari za 80 na 90.

Vita hivyo vitapiganwa na maseneta wachache. Bunge la Nebraska lina chumba kimoja na viti 49 vinavyogawanywa kwa idadi ya watu, kwa hiyo seneta mmoja wa Sandhills hubeba kaunti nyingi, wakati Kaunti ya Douglas peke yake ina viti zaidi ya kumi.